Masweta ya Saa Nane

Saa nane mchana, jua la Malungule likiwa kali kiasi cha mbuzi kugombania kivuli cha nguzo, wanafunzi wa Kidato cha Pili walifungua mabegi yao wakatoa masweta.

Mwalimu Ndahani Chilewa aliwaona akiwa bado mlangoni, akajifanya hakuona. Aliweka vitabu mezani, akafuta ubao uliokuwa safi tayari, akakohoa kidogo ili kuwapa muda. Huko nyuma mtu alikuwa anahangaika na zipu. Mstari wa mbele, msichana mmoja mwembamba aitwaye Foibe alikwisha kujifunga skafu mpaka puani, yuko tayari kwa Historia.

“Jana,” alisema Mwalimu Ndahani, “tuliuacha msafara wa wafanyabiashara umefika kisimani, na mtemi wa eneo lile amewazuia wasinywe maji mpaka watoe...”

Hakufika mbali. Juu ya ubao, vinywa vya udongo vilivyopangwa ukutani vilianza kufunguka, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya mtu anayepuliza uji wa moto. Upepo baridi ukashuka. Ulipita shingoni mwa mwalimu, ukapeperusha maandalio yake ya somo, ukaviringisha chaki mpaka zikaanguka sakafuni.

“Shangazi ameanza,” mtu alinong'ona, na darasa zima likavuta mikono ya masweta ikafunika vidole.

Jina halisi la jengo lile lilikuwa refu, nalo liliandikwa langoni kwa herufi za shaba: Jengo Unganishi la Afya na Elimu. Hakuna aliyelitumia. Watu wa Malungule waliliita Shangazi, kwa kuwa lilikuwa na nia njema na liliingilia mambo ya kila mtu. Upande wa mashariki lilikuwa shule, upande wa magharibi kituo cha afya, na katikati ukapita ukuta mmoja mnene wa udongo uliochanganywa na nyuzi za uyoga hai. Nyuzi hizo ndizo zilizokuwa akili yake. Zilionja pumzi za watu kama ulimi unavyoonja chumvi, zikajua chumba kimejaa kiasi gani, nani anahema, nani anasinzia, hewa imechakaa au bado. Chini ya sakafu kulikuwa na mahandaki yaliyojaa mawe. Usiku baridi ya nyanda ilivutwa ikalala katika mawe hayo. Mchana Shangazi aliigawa kupitia vinywa vya ukutani, na chumba chenye shida zaidi kilipewa zaidi. Hakukuwa na mashine inayounguruma. Hakukuwa na kitufe pia. Wabunifu walikataa kuweka kitufe. Walisema kikiwepo, kitaishia ofisini kwa mkubwa.

Na kwa kweli Shangazi alifanya kazi. Watu wazima bado waliikumbuka shule ya zamani ya mabati, ambamo mtoto aliyezimia aliburutwa nje huku somo likiendelea, na mvua ikinyesha mwalimu aliacha kusema akaandika tu, maana hakusikika. Waliikumbuka pia zahanati iliyowaruhusu wagonjwa mapema kwa sababu nyumbani kulikuwa na nafuu kuliko wodini. Sasa vidonda vilikauka vizuri, watoto wenye pumu walicheza mpira, na likatokea jambo ambalo Malungule haikuwahi kuliona: walimu na wauguzi waliopangiwa kazi huko waliacha kuomba uhamisho.

Mwalimu Ndahani mwenyewe alikuwa mmoja wa waliopiga kampeni jengo lijengwe. Ndiyo maana jambo la upepo lilimuuma zaidi. Kwani kila mtu mjini, hata muuza maandazi wa langoni, alijua maana ya upepo ule. Shangazi hupuliza pale anapoona watu wanasinzia. Katika Hisabati hakupuliza kabisa. Katika Kiingereza alipuliza kidogo siku za Ijumaa. Katika Historia ya Mwalimu Ndahani alipuliza mpaka mkuu wa shule akapendekeza, kwa heshima zote, somo lile liandikwe kwenye ratiba pamoja na mavazi yake.

* * *

Siku hiyo hiyo, kengele ilipolia, Daktari Sechelela alimkuta akiokota chaki chini ya meza.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Daktari. Karibu. Funga mlango, kuna... kuna hewa.”

Daktari Sechelela ndiye aliyekuwa mganga mfawidhi wa kituo, mwanamke mfupi anayetembea haraka, na koti lake jeupe lilikuwa limelowa jasho mgongoni kama la mkulima. Alisimama katikati ya darasa, akafumba macho, akafungua mikono kuupokea ubaridi uliobaki.

“Kumbe uko huku,” alisema. “Nimekuwa nikiutafuta.”

“Nini?”

“Ubaridi wangu, Mwalimu. Wodi ya wazazi inachemka. Kila siku ikifika saa nane vinywa vya upande wangu vinajifumba, watoto wachanga wanatoka vipele, mama zao wanajipepea kwa kadi za kliniki. Nimemuuliza fundi wa wilaya, akapima, akaniambia ubaridi wote unakimbilia Kidato cha Pili.” Alifumbua macho. “Mwalimu, usinielewe vibaya. Historia yako inanimalizia akiba.”

Mwalimu Ndahani alinyanyuka polepole, chaki mkononi.

“Ukuta umeharibika,” alisema.

“Ukuta ni mzima.”

“Uyoga unazeeka, Daktari, kama kitu chochote. Wewe mwenyewe nimekufundisha. Ulikuwa unasinzia darasani kwangu?”

“Nilikuwa nasinzia.”

“Kwa sababu ya mabati! Joto lile!”

“Kulikuwa na sababu mbili,” alisema Daktari Sechelela kwa upole. “Mabati yalikuwa mojawapo.”

Kinywa kimoja cha ukutani, kilichokuwa bado wazi, kilijifumba taratibu kama mtu asiyetaka kushuhudia.

“Alhamisi tume ya kukagua jengo inakuja,” aliendelea Daktari. “Wakiridhika, majengo kama haya yatajengwa wilaya zote kavu. Wasiporidhika, kuna watu wanasubiri kuuza majengo ya masanduku ya chuma yenye mashine za baridi, ambayo yakiharibika yanakuwa oveni. Nakuomba kitu kimoja. Fanya somo lichangamke. Panda hata juu ya meza.”

“Sijapanda juu ya meza tangu nianze kazi.”

“Basi anza, Mwalimu wangu. Kuna watoto wanaungua.”

* * *

Usiseme hakujaribu. Siku iliyofuata Mwalimu Ndahani aliingia darasani amejitupia shuka jekundu begani, mkononi rungu, kichwani manyoya ya jogoo aliyemwazima kwa jirani. Yaani alimwazima jogoo mzima, manyoya akayang'oa mwenyewe, na jirani alikuwa bado hajaambiwa. Alipanda juu ya meza. Meza ikalia, akaisubiri itulie.

“Nani anakunywa maji yangu?” alinguruma, kwa sauti ya mtemi.

Darasa likalipuka kwa kicheko. Akashuka, akawa kiongozi wa msafara, akapiga magoti na kuomba. Akapanda tena, akawa mtemi, akakataa. Akawa mpagazi aliyeshikwa na homa, akajitupa sakafuni na kutoa ulimi. Msichana mmoja alicheka mpaka akashika ubavu. Mwalimu Ndahani, akiwa bado amelala pale chini, alihisi furaha ambayo hakuwa ameihisi darasani kwa miaka.

Ndipo vinywa vikafunguka. Vyote. Upepo ukaja wa baridi kuliko siku zote, ukachukua unyoya mmoja kichwani mwake na kuubandika ubaoni.

Akabaki chali, anatazama dari. Haiwezekani, alijiambia. Hawa watoto hawakusinzia. Mimi nimeyaona meno yao yote.

Akageuza kichwa kuwatazama tena, na kwa kuwa alikuwa sakafuni, safari hii hakuona nyuso. Aliona vifua. Vilikuwa vinapanda pamoja, vinasimama, vinashuka pamoja, polepole, kama kwaya kabla ya kuanza wimbo. Macho yao yalicheka, lakini pumzi zao zilikuwa za watu waliolala fofofo. Na mstari wa mbele, kidole cha Foibe kilikuwa kinagonga dawati: to, to, to, to.

“Foibe,” alisema mwalimu kutoka sakafuni. “Unagonga nini?”

Kidole kikasimama. Vifua vikakosa mpangilio. Ukutani, vinywa vikaanza kujifumba.

“Hamna kitu, Mwalimu.”

“Gonga tena.”

Foibe akatazama wenzake, wenzake wakatazama madaftari. Akagonga. Darasa likavuta pumzi, likaishika, likaiachia. Vinywa vikafunguka.

Mwalimu Ndahani aliketi, akavua manyoya.

“Shangazi hasikilizi maneno, Mwalimu,” alieleza Foibe, akiiona siri imekwisha kuanguka mezani. “Anasikiliza pumzi tu. Tulimgundua siku ile wote tulipolala kwenye mtihani wa majaribio. Sasa mtu akijua kulala bila kulala, anapewa baridi. Tukichelewa kidogo anakataa, ndiyo maana nahesabu.”

“Kwa nini somo langu?”

“Ndilo lililo saa nane. Ndiyo saa ya joto.” Alifikiri kidogo. “Hisabati ni saa mbili asubuhi, Mwalimu. Asubuhi hatuna haja.”

“Kwa hiyo,” alisema Mwalimu Ndahani, “si kwamba Historia inachosha.”

Darasa lilisita. Lilisita kidogo tu.

“Ni ratiba, Mwalimu,” alisema Foibe.

Hakuna cheo wala cheti kilichowahi kumpa Mwalimu Ndahani raha kama maneno yale. Alitaka kutoka nje ayatangaze langoni, aanzie kwa muuza maandazi. Alikuwa amekwisha fika mlangoni alipokumbuka koti la Daktari Sechelela lililolowa mgongoni.

“Mnajua huo ubaridi unatoka wapi?” aliuliza bila kugeuka.

“Chini, kwenye mawe.”

“Na usingekuja huku ungekwenda wapi?”

Hawakujua. Hawakuwa wamejiuliza. Mtu aliyekaa penye ubaridi hana sababu ya kuuliza. Alipowaambia habari ya vipele vya watoto wachanga, masweta yalianza kuvuliwa moja moja, kimya kimya, ingawa wakati huo darasa lilikuwa bado la baridi na meno yaligongana.

* * *

“Wamekudanganya wewe na jengo kwa pamoja?” Daktari Sechelela alicheka mpaka akaegemea kabati la dawa. Kisha akaacha kucheka ghafla. “Nani mwingine anajua?”

“Mimi na wewe na Kidato cha Pili.”

“Vizuri. Basi iishie hapo.”

Walikuwa katika chumba chake cha uchunguzi. Kupitia ukuta walisikia mtoto mchanga akilia kwa kukwaruza, kilio cha mtu aliyechoka kulia.

“Nilidhani utafurahi nikiwaambia tume,” alisema Mwalimu Ndahani.

“Uwaambie nini? Kwamba jengo la taifa linadanganywa na watoto wenye madaftari? Watafunga faili hapo hapo na kuagiza masanduku ya chuma. Wakataze wanafunzi wako, wao wataacha, wodi itapoa, tume itaona jengo zuri na itasaini. Baadaye tutaandika mapendekezo. Taratibu.”

“Na huko kwingine watakakojenga?”

“Huko kwingine leo wanawake wanajifungulia chini ya mabati, Mwalimu. Mtu aliye katika tanuri hajali kama ubaridi unagawanywa kwa haki kamili. Anataka ubaridi.”

Alichosema Daktari kilikuwa kweli, na hilo lilimsumbua Mwalimu Ndahani. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa.

“Nakusikia,” alisema hatimaye. “Lakini fikiria hili. Watoto wangu ni wazima, wana mapafu mazuri, wanaweza kujifanya wamelala. Mama aliyelazwa kwako akiwa na mshono wa upasuaji hawezi kujifanya chochote. Anapumua anavyoweza. Huko kwingine nako wazima watagundua, maana watu hugundua, na kila mahali wagonjwa ndio watakaokosa. Tena safari hiyo si watoto. Watakuwa ofisi ya utawala, wamekaa wanahesabu, to, to, to.”

Daktari Sechelela alifuta miwani yake kwa muda mrefu.

“Unasema hivyo kwa ajili ya mgonjwa wangu,” aliuliza, “au ili mji ujue kwamba huchoshi?”

Swali lilimpata pabaya. Alirudi nalo nyumbani, akala nalo, na kila alipolipindua lilionyesha upande ule ule. Alitaka kusema ukweli, na ukweli ulikuwa na faida kwake. Hakuweza kujua kipi kilikuwa kinamsukuma kipi. Alijaribu kujiwazia akisema ukweli ule ule huku ukimwaibisha. Akaona labda angesema. Akaona labda angechelewa kidogo.

* * *

Alhamisi tume ilichelewa. Gari lao lisilo na dereva lilikuwa limekutana na ng'ombe barabarani, likasimama kwa adabu kama lilivyofundishwa ili wapite. Ng'ombe nao wakalala. Wajumbe walikaa ndani wakilisihi gari, likawajibu kwa sauti tamu kwamba bado kuna viumbe mbele, mpaka mchungaji alipokuja kuwaokoa kwa fimbo.

Wakati huo huo Malungule mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Usiku wa kuamkia siku hiyo mawingu yalifunika nyanda, joto halikupata pa kutokea, na mawe ya chini hayakupoa hata nusu. Kidato cha Pili walikuwa wanapumua kama binadamu wengine, kama walivyoahidi, wakitota jasho kwa uaminifu. Hata hivyo kilichokuwepo kilikuwa kidogo, nacho Shangazi alikigawa kwa hesabu yake: shule ilikuwa na vifua vingi, wodi ilikuwa na vichache.

Daktari Sechelela aliingia darasani bila kupiga hodi.

“Mwalimu, nina mama ameanza kuweweseka. Loisi, yule niliyemfanyia upasuaji jana. Mtoto wake amekataa titi, midomo imekauka. Mama nimemwekea dripu, nimemkanda kwa maji, ila chumba chenyewe kinanishinda.” Akavuta pumzi. “Niazime darasa lako.”

“Lote?”

“Wenye mapafu.”

Mwalimu Ndahani alielewa kabla hajamaliza kusema. Walikimbia. Mlangoni mwa upande wa magharibi Daktari aliwasimamisha wote akawaoshesha mikono, akakagua kucha, akamrudisha mmoja aliyekuwa na mafua. Kisha akawapanga kwenye ukumbi ulioegemea wodi ya wazazi, migongo ikiugusa ule ukuta wa udongo.

“Laleni,” alisema. “Yaani msilale. Mnajua.”

Foibe alikaa katikati, akanyoosha kidole. To, to, to, to. Vifua vikapanda. Mwalimu Ndahani alijilaza pia mwishoni mwa mstari, tai yake imekaa vizuri tumboni, akajitahidi kufuata. Mwanzoni hakikutokea kitu, isipokuwa joto na harufu ya dawa. Halafu ndani ya wodi kinywa kimoja kikafunguka, kwa shida, kama mlango wa stoo. Kikafuata kingine. Kupitia dirisha la ndani alimwona muuguzi akisimama na kuinua uso juu, khanga ya mgonjwa ikaanza kucheza pembeni mwa kitanda.

“Endeleeni,” alinong'ona Daktari Sechelela. “Jamani, endeleeni, anapata.”

Wakaendelea. Waliendelea vizuri mno, kiasi kwamba wawili walilala kweli na mmoja akaanza kukoroma.

Hapo ndipo tume ilipoingia.

Mbele alikuwa mwenyekiti wake, Mhandisi Kokubelwa, mwanamke mrefu mwenye mvi na viatu vilivyojaa vumbi na samadi. Nyuma yake wajumbe wawili wenye masuti walitazama ukumbi wa hospitali uliojaa watoto wenye sare, wamelala safu safu, na mwanamume mmoja mwenye tai.

“Daktari,” alisema Mhandisi Kokubelwa taratibu, “hawa wote wana nini?”

Daktari Sechelela alifungua kinywa. Mwalimu Ndahani aliona jinsi jibu lilivyokuwa tayari ulimini mwake: mapumziko ya mchana, mpango wa afya mashuleni, zoezi la kupumua. Lolote lingefaa. Daktari akamtazama, na macho yake yalimwomba anyamaze.

Mwalimu Ndahani akasimama, akakung'uta suruali.

“Wanalidanganya jengo, Mheshimiwa,” alisema. “Wanajua sana. Wamelidanganya muhula mzima.”

Akaeleza yote. Alianza na masweta akaishia na Loisi, na alipofika kwenye wazima na wagonjwa sauti yake ilipanda kama ya mtemi juu ya meza. Mmoja wa wenye masuti alitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. “Kwa hiyo mfumo hauaminiki,” alisema. “Masanduku ya chuma hayawezi kudanganywa na mtoto.”

“Hayawezi,” alikubali Mhandisi Kokubelwa, “kwa kuwa hayamjali mtoto, awe analala au anakufa.” Alimgeukia Foibe. “Wewe ndiye unayehesabu? Acha. Wote pumueni kama kawaida. Mwalimu, hebu fundisha kidogo. Nataka kuona.”

“Nifundishe hapa?”

“Hapa hapa. Unasema kosa ni la pumzi za kuigiza. Tuone pumzi za kweli.”

Mwalimu Ndahani alinyoosha tai. Alikuwa ameiota nafasi hii. Akafundisha: kodi ya mkoloni, sababu zake, athari zake. Ukumbi ukatulia, vinywa vilivyokuwa wazi vikajifumba. Tume ikatazama ukuta, wanafunzi wakatazama ukuta, naye akawa anatazama ukuta pembeni mwa jicho.

Kinywa kimoja kikafunguka.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

“Kimoja tu,” alisema Mhandisi Kokubelwa kwa huruma. “Ni kawaida, Mwalimu. Nikisoma taarifa zangu makao makuu, kwenye ukuta wetu wa majaribio, vinafunguka vitatu.”

* * *

Mambo hayakuisha kwa shangwe na tarumbeta. Tume haikuagiza masanduku ya chuma, ila haikusaini pia. Mhandisi Kokubelwa aliamua kwamba wodi ipate fungu lake kwanza, kabla pumzi ya mtu yeyote haijaulizwa, na nyuzi zifundishwe kutofautisha joto la mwili na ujanja. Aliamua vilevile kwamba kila jengo jipya, kabla ya kufunguliwa, lipelekewe Kidato cha Pili cha Malungule walijaribu kulidanganya. Foibe alifurahi sana. Lakini kazi hiyo ingechukua mwaka, na kwa mwaka huo wilaya nyingine zingekaa na mabati yao.

Daktari Sechelela hakuongea na Mwalimu Ndahani kwa siku nyingi. Wakipishana langoni alimwamkia, kwa kuwa alikuwa mwalimu wake, na shikamoo ile ilikuwa kavu kama bisi. Mwalimu Ndahani aliipokea. Aliwafikiria wale wanawake wa wilaya nyingine ambao hakuwajua kwa majina, na hakupata hoja ya kuwaambia ambayo ingewapunguzia joto. Aliamini bado kwamba alisema lililopaswa kusemwa. Kuamini hakukumsaidia kulala.

Loisi alipona. Siku ya kuruhusiwa alipita Kidato cha Pili na mtoto mgongoni, akawashukuru kwa kulala. Wakaitikia kwa pamoja, “Karibu tena,” na Daktari Sechelela, aliyekuwa nyuma yake, akashindwa kujizuia kucheka.

“Mwalimu,” alisema baada ya Loisi kuondoka. Alikuwa anatazama sakafu. “Mafundi wamesema nyuzi zitachelewa kufundishika. Na saa nane wodi bado inachemka.”

“Nimesikia.”

“Ningependa wanafunzi wako waje ukumbini kila siku. Wakae tu, wapumue. Shangazi akiona vifua vingi upande wangu ataleta ubaridi upande wangu, na hiyo si kumdanganya, watakuwepo kweli.” Akakuna shingo. “Ila wakikaa bure watapiga kelele. Itabidi uwafundishe.”

“Historia? Mbele ya wagonjwa?”

“Nimefikiria hatari zake,” alisema Daktari Sechelela. “Tutawafuatilia kwa karibu.”

Hivyo Historia ikahamia wodini, au karibu na wodi. Mwalimu Ndahani alipewa ubao mdogo uliokuwa wa ratiba ya chanjo. Mwanzo alifundisha kwa kunong'ona, akiomba radhi kila baada ya sentensi. Kisha akazoea. Kina mama walisogeza vitanda. Mabibi waliokuja kuhudumia wajukuu walianza kumsahihisha, halafu wakaanza kugombana wao kwa wao, na ikabidi awaombe wanyooshe mikono kama wanafunzi.

Siku moja alifika kwenye ujenzi wa reli. Alikuwa anasimulia juu ya vibarua waliogoma porini kwa sababu msimamizi aliwanyima chumvi. Wamekaa juu ya mataruma, wamekunja mikono, naye msimamizi amesimama na bunduki isiyo na risasi, jambo ambalo yeye pekee analijua. Kengele ya shule ikalia. Mwalimu Ndahani, mtu wa ratiba, akafunga kitabu.

“Tutaendelea kesho,” alisema.

“Kesho gani?”

Sauti ilitoka chumba cha kujifungulia, nyuma ya pazia la kijani. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nene, yenye hasira na uchungu mwingi.

“Mwalimu! Usithubutu kuishia hapo! Walipewa chumvi au hawakupewa?”

Pazia likasogea, kichwa cha Daktari Sechelela kikatokeza, kofia imekaa upande, mikono yenye glavu imeinuliwa juu.

“Mwalimu, tafadhali sana, endelea,” alisema. “Mtoto amefika mlangoni, na mama yake anakataa kusukuma mpaka ajue.”

Mwalimu Ndahani alifungua kitabu. Hakuupata ukurasa, akakiweka chini, akalegeza tai, akalisogelea lile pazia hatua moja ili asikike vizuri.

“Msimamizi,” alisema kwa sauti yake yote, “akashusha bunduki...”

Na nyuma ya pazia mwanamke akasukuma.